Jiko dogo la gesi la kubeba mgongoni: mliolala Kitulo, Rungwe, Mbeya Peak, tupeane uzoefu

KIJANA WA MAFIATI
Wadau habari za jioni. Mwezi wa saba tuko wanne tuna safari ya miguu, tunaanzia Matamba, tunakatisha Kitulo, tunavuka milima ya Livingstone mpaka Matema ufukweni, siku nne hivi kama magoti yatakubali. Chakula tumeshapanga, mahema tumepata ya mtumba pale Sido, kinachonisumbua ni jiko tu. Nataka jiko la gesi jepesi la kupanda nalo mlima.

Juzi nimepita Mwanjelwa nimeonyeshwa aina tatu. La kwanza kama kucha ya kuku, ukilikunja linapotea kiganjani, linakaa juu ya kikopo chake cha gesi kwa kusokota. La pili lina miguu yake na kampira kanakoenda kwenye kikopo pembeni. La tatu ni lile la sanduku ambalo watu wanalo majumbani umeme ukikatika. Muuzaji anasema yote sawa tu, ila nikimuuliza kikopo kipi kinaingia wapi anaanza kutafuta miwani. Mwaka jana Mbeya Peak tulikoroga kahawa kwa maji ya baridi sababu ya jiko kugoma, sitaki ijirudie. Lolote lililokukuta mwaga hapa.

NDAGA FIJO
Unatafuta jiko jepesi? Mimi jiko langu nililipata Tukuyu mwaka 2014, zito kiasi lakini halizimwi na upepo.

KIJANA WA MAFIATI
Mkuu nimesema la gesi.

NDAGA FIJO
Hata hilo langu ukilichokoza linalipuka.

MNYALU WA KILOLO
Kamwene wote. Mimi nimepanda Luhombero mara mbili, tukitokea Udekwa, kwa wasiojua ndo kilele kirefu kuliko vyote Udzungwa, mita 2,579, kwenda na kurudi ni kama siku sita porini. Safari ya kwanza tulibeba jiko la mafuta ya taa, lile la mchina la tambi kumi. Siku ya pili mafuta yakavuja ndani ya begi, mchele wote unanuka taa, unga unanuka taa, hata mswaki. Tulikula kwa sababu hakuna duka. Mpaka leo nikipita mahali panapouzwa mafuta ya taa nasikia njaa na kichefuchefu kwa pamoja.

Safari ya pili nikaenda na kajiko ka kusokota, kenyewe hakafiki gramu 80. Sasa hapo ndo watu wanajidanganya. Unaona jiko gramu 80, au yapo mpaka ya gramu 25, unafurahi, unasahau kwamba mzigo ni kopo. Kopo lililoandikwa 230 ni gesi peke yake hiyo, ongeza bati lake lenyewe. Mimi hesabu yangu, nusu lita ya maji mpaka ichemke inakula gramu 7 mpaka 10 kama umekinga upepo. Nyie wanne, chai asubuhi na uji, jioni chakula, hamtakosa lita nne kwa siku. Piga mara siku nne. Mkienda na kopo moja la 230 siku ya tatu mtatafuna tambi kavu. Bebeni mawili.

Na muhimu kuliko jiko lenyewe, NUNUA KOPO KWANZA. Hapa kwetu shida sio jiko, shida ni kopo linaloingia kwenye hilo jiko. Kuna ya kusokota, kuna ya kubana kwa klipu, kuna yale jiko linalitoboa na ukishalitoboa huchomoi mpaka liishe, na kuna yale marefu ya jiko la sanduku ambayo ndo yamejaa kila mahali. Hayaingiliani. Nina jamaa yangu alitumiwa jiko zuri sana na shemeji yake kutoka Ujerumani, limekaa kabatini mwaka wa nne huu, kopo lake hajaliona Iringa wala Dar.

MAMA CHAPATI UYOLE
Wanangu mimi huwa nawaona mnapita hapa na mabegi kama konokono. Kwanini msichemshe viazi na magimbi nyumbani mkabeba, na chupa ya chai kubwa kila mtu yake. Siku ya kwanza na ya pili mmeshakula bila kuwasha kitu. Gesi ya nini.

KIJANA WA MAFIATI
Mama shikamoo. Na siku ya tatu na ya nne?

MAMA CHAPATI UYOLE
Marahaba. Siku ya tatu mnarudi nyumbani kama watu wenye akili.

TICHA WA JIO
Kuhusu kahawa ya baridi ya Mbeya Peak, wala hakuna siri, ule ni upepo. Pale juu ni zaidi ya mita 2,800 na hakuna cha kuuzuia. Kajiko kadogo moto wake ni mwembamba, upepo unaulaza pembeni, sufuria haipati kitu, unakaa dakika ishirini unaangalia vipovu. Chagua jiko ambalo kichwa chake kimezama kidogo katikati na kina mdomo umepanda pembeni, sio kilichokaa kama uyoga. Halafu panga mawe upande upepo unakotoka.

MZEE WA TAZARA
Sisi miaka ya themanini tulipanda Rungwe na sufuria moja na kiberiti. Mafiga matatu, kuni zipo, chai inanukia moshi. Nyie vijana mnanunua vitu.

BINTI ISONGOLE
Mzee wangu shikamoo, lakini siku hizi Rungwe ni hifadhi ya mazingira asilia, huwezi kwenda kukata kuni na kuwasha moto unapotaka. Kitulo ndo kabisa, ni hifadhi ya taifa. Na hata ungeruhusiwa, Rungwe kuni zenyewe zimelowa mwaka mzima, nani atazipuliza?

MZEE WA TAZARA
Marahaba. Tulikua tunapuliza.

KONA YA 57
Hii mada imenitonesha kidonda. Nitaandika ndefu, mnisamehe.

Ilikua Julai 2019. Nilikua na mchumba wangu, yeye kazaliwa Dar kakulia Dar, baridi anayoijua ni ya kiyoyozi. Mimi nikajifanya mwenyeji, nikamwambia nakupeleka Bustani ya Mungu ukaone maua. Sasa mwenyeji gani anampeleka mtu kuona maua Kitulo mwezi wa saba? Maua yanataka mvua, kuanzia Novemba Desemba huko mpaka kama Aprili. Julai ni majani makavu rangi ya simba na barafu asubuhi. Lakini likizo yake ilikua Julai na mimi pete nilikua nimeshanunua. Basi.

Tukapanda gari Chimala, zile kona hamsini na saba zote kafumba macho kanishika mkono, mimi najiona mwamba. Jiko nilikua nalo ni hilo hilo kama kucha ya kuku, njia nzima namsifia, nampimisha, shika uone, jepesi kama biskuti. Tatizo vikopo vya kusokota wiki ile mjini havikuwepo. Muuzaji akanipa kopo refu kama la dawa ya mbu, la jiko la sanduku, na kiunganishi cha shaba chenye vimiguu vitatu, kopo linalala chini kwa ubavu, kiunganishi kinashika mdomo wake, jiko unalisokota juu. Akaniambia kaka, gesi ni gesi.

Jua lilipozama tu ni kama mtu kafungua friza. Nikawasha. Moto wa bluu safi, nikamtazama mwenzangu kama mimi ndo niligundua gesi. Nikateleka maji ya chai lita moja. Dakika tano hazijafika moto ukaanza kunywea, ukawa kama wa mshumaa, ukawa kama wa njiti, puu. Nikatikisa kopo, gesi imejaa inasikika kabisa inacheza ndani. Nikalishika. Aisee lilikua limeota barafu kwa nje, nyeupe, vidole vinanata. Nikawasha tena, sekunde kumi, puu.

Sasa akili za mwanaume mwenye pete mfukoni. Nikachukua foili nikazungushia jiko lote PAMOJA na kopo, nikabana kwa mawe, nikasema joto likae humu humu kopo lipate uhai. Nikaona haitoshi nikawasha mshumaa nikauweka pembeni ya kopo. Ndio, mshumaa. Msinitukane, nimeshajitukana vya kutosha.

Ikafanya kazi! Moto ukarudi, ukapanda, ukanguruma. Nikamwambia umeona? Halafu ukawa wa njano, halafu ukapita sufuria. Mimi bado nacheka. Yeye hakucheka, kwao mzee anauza mitungi ya gesi, kakulia dukani. Akasogeza kiganja karibu na foili, akasema taratibu kabisa, "Kopo lina moto." Nikamjibu si ndo tunachotaka. Hakubishana na mimi. Alisimama akapiga teke kila kitu, sufuria, jiko, foili, kopo, vyote vikabingirika bondeni kuelekea kijito, na kopo linatoa ulimi wa moto linazunguka kama fataki. Likaingia majini likakoroma likazima. Lakini nyuma limeacha mstari wa moto, na majani ya Julai mnayajua. Nikavua jaketi tukaanza kupiga moto, yeye kwa blanketi mimi kwa jaketi, hatukuongea hata neno moja mpaka tumeuzima, ni kama hatua ishirini hivi ziliungua, kwa umungu tu hapakua na upepo.

Ndo nikakumbuka pete ilikua mfuko wa jaketi.

Asubuhi nilikwenda kijitoni nikaliokota kopo. Kile kitako ambacho huwa kimebonyea kwa ndani kilikua kimetoka nje, kimevimba kama tumbo. Nililiweka kwenye mfuko nikatembea nalo nimelishika mbali na mwili kama nyoka. Yeye saa hiyo alikua barabarani anasimamisha lori la maziwa linalotoka shambani. Likasimama. Akapanda. Kwahiyo mleta mada, mimi siku ile nilipoteza majiko mawili.

NDAGA FIJO
Aisee.

DADA WA FOREST
Pete ilipatikana????

MKINGA HALISI
Hii ni chai. Tena haina hata sukari. Pete, fataki, lori la maziwa, imebaki simba tu.

KONA YA 57
Ndugu kama ni chai basi ndo ile ambayo haikuchemka.

DADA WA FOREST
Kona hujajibu pete.

TICHA WA JIO
Chai au sio chai, kopo lilivyofanya ndivyo linavyofanya. Hayo makopo marefu mengi ndani yake ni butane tupu. Butane ndani ya kopo ni kimiminika, ili iwake lazima kwanza igeuke hewa, na inachemka kwenye nyuzi joto karibu sifuri, 0.5 chini ya sifuri. Ikiwa baridi zaidi ya hapo inakaa tu chini ya kopo kama maji. Isobutane inavumilia mpaka kama 12 chini ya sifuri, propane mpaka 42 chini ya sifuri. Ndiyo maana makopo ya kusokota ya wapanda milima yanachanganywa isobutane na propane kidogo. Soma kopo limeandikwa nini kabla ya kusoma jiko.

Na ile barafu juu ya kopo ni gesi yenyewe inapogeuka kuwa hewa inaiba joto kutoka kwenye bati, kama spiriti anayokupaka nesi kabla ya sindano. Kadiri unavyofungulia moto mkubwa ndivyo unavyojigandisha mwenyewe.

MKINGA HALISI
Ticha hapo umeacha kitu. Juu kule mgandamizo wa hewa ni mdogo, kwahiyo butane inachemka kwa baridi zaidi kuliko ukiwa Kyela. Mita 2,600 unapata nyuzi kadhaa za nyongeza. Kwahiyo butane Kitulo inawaka.

TICHA WA JIO
Kweli, hilo sikatai, ila nyuzi kadhaa zenyewe zinaliwa na kopo kujigandisha. Inawaka dakika tano, kama tulivyosimuliwa.

MKINGA HALISI
Na jambo la pili nani kasema Kitulo ni Mbeya? Mada imeandikwa kana kwamba Kitulo ni uwanja wa nyuma wa Mafiati. Sehemu kubwa ya ile hifadhi ipo Makete, mkoa wa Njombe. Mnatuibia kila siku.

MNYALU WA KILOLO
Nyie wenyewe mpaka 2012 mlikua mkoa wa Iringa. Kwahiyo ni ya kwetu.

MKINGA HALISI
Nyie bakini na ulanzi wenu.

NDAGA FIJO
Baridi yetu Mbeya inatosha, hatuhitaji ya kuazima Makete.

MKINGA HALISI
Mbeya mnaita ile baridi? Mtu anavaa sweta moja anaita baridi? Njoo Makete Juni, ndoo ya maji ukiiacha nje asubuhi unagonga na jiwe.

BINTI ISONGOLE
Turudi kwenye jiko jamani. Mimi nichangie la mvua. Rungwe 2021, mvua imeanza saa tisa mchana haikati, tumelowa mpaka soksi. Tukaingia hemani watatu, tukafunga zipu zote tukawasha kajiko tuchemshe supu. Joto likaja tamu, tukaliacha linawaka hata baada ya supu. Mwenzetu mmoja akaanza kusema kichwa kinamuuma, tukamwambia ni urefu wa mlima. Baadae mimi nikaanza, kichefuchefu, macho mazito, nikawa sijali kitu, nataka kulala tu. Aliyetuokoa ni huyo aliyeanza kuumwa, alitaka kutapika akafungua zipu ajitoe nje. Hewa ilipoingia ndo nikashtuka kwamba nilikua naondoka. Ni ile ile hewa ya sumu ya jiko la mkaa, kila msimu wa baridi tunasikia watu wamejifungia na jiko la mkaa hawakuamka, gesi nayo ikiwaka vibaya kwenye hewa ndogo inatoa hiyo hiyo. Haina harufu. Pikia nje, au mlangoni kwenye kibaraza cha hema huku zipu iko wazi kabisa.

DADA WA FOREST
Pole mdogo wangu. Hii nimeisoma mara mbili.

FUNDI MITUNGI
Wakuu msihangaike na vikopo, mimi najaza. Unaniletea kikopo chako kitupu nakuhamishia gesi kutoka mtungi wa kilo 15, bei ya soda. Nina kifaa.

TICHA WA JIO
Fundi, kikopo kile kimeandikwa ubavuni kisijazwe tena. Bati lake ni jembamba, valvu yake sio ya kujazwa, na wewe huna jinsi ya kujua umeacha nafasi ya gesi kutanuka au umekijaza mpaka shingoni. Kikishinda juani ndani ya begi je?

FUNDI MITUNGI
Nimejaza vingi tu havijawahi kuleta shida.

NDAGA FIJO
Kona nae alikua anasema "umeona?"

MSUKULE WA MUFINDI
Mimi dawa yangu ni moja, mtungi wa kilo 6 na kichwa chake. Unapika pilau.

MNYALU WA KILOLO
Mtungi wa kilo 6 ukijaa unapita kilo 10 na bati lake. Utampa nani abebe?

MSUKULE WA MUFINDI
Shemeji.

MPITA NJIA SONGWE
La kwangu fupi. Nilinunua makopo mawili Dar, nikapanda ndege kuja Songwe, wakayachukua pale kwenye ukaguzi. Nikabishana, nikaonekana mshamba. Kumbe kopo la gesi haliruhusiwi kwenye ndege kabisa, sio begi la mkononi sio la chini. Jiko lenyewe tupu lisilo na harufu ya gesi ndo waliniachia. Kwahiyo nilifika nyumbani na jiko bila kopo, ugonjwa ule ule aliousema Mnyalu.

KIJANA WA MAFIATI
Asanteni sana wakuu. Sasa hili la mpira na miguu pembeni lina faida gani, maana ni zito kuliko kucha ya kuku?

NDAGA FIJO
Pindua kopo miguu juu, kwenye baridi linawaka kama Mwanjelwa usiku.

BINTI ISONGOLE
USIPINDUE kabla hujalichunguza! Angalia kwenye kichwa cha jiko kama kuna kabomba kembamba ka shaba kanakopita katikati ya moto. Kama kapo, gesi ikija kimiminika inapashwa humo kwanza inageuka hewa ndo inawaka, hapo ruksa, washa kwanza kopo likiwa limesimama, subiri kama dakika moja kabomba kapate moto, punguza, halafu pindua taratibu. Kama hakapo, ukipindua linatema moto wa njano mpaka kwenye nyusi.

NDAGA FIJO
Ndo maana sina nyusi.

BINTI ISONGOLE
Faida nyingine, kopo likiwa mbali na moto unaweza kuzungushia kinga ya upepo jiko lenyewe bila kuoka kopo. Kwa lile la kukaa juu ya kopo kinga ya upepo usizungushe kabisa, weka upande mmoja tu na kila mara gusa kopo kwa kiganja. Likiwa la moto mkononi, zima. Na halitikisiki, sufuria kubwa ya watu wanne juu ya kucha ya kuku ni kutafuta kuungua miguu.

MNYALU WA KILOLO
Kwa mtu mmoja au wawili kucha inatosha sana ila. Wasikutishe.

MAMA CHAPATI UYOLE
Na usiku mnalala na kopo ndani ya blanketi, sio nje. Hilo hata mimi najua, kibiriti changu cha gesi asubuhi nisipokiweka kifuani hakiwaki.

TICHA WA JIO
Mama kapiga penyewe. Kopo ndani ya mfuko wa kulalia usiku, asubuhi linawaka. Likianza kunywea, liweke kwenye bakuli la maji, hata ya kijitoni tu, maji ambayo hayajaganda yana joto kuliko hiyo barafu ya kwenye bati. Ya uvuguvugu ya kuvumilika mkononi ndo bora zaidi. Ya kuchemka hapana. Mshumaa hapana.

KONA YA 57
Nimeelewa Ticha.

MZEE WA TAZARA
Na hicho kitufe cha kubofya cha kuwashia kikilowa hakifanyi kazi. Bebeni kiberiti kwenye nailoni. Hapo mafiga yalikua hayana kitufe.

MSUKULE WA MUFINDI
Maharage je, yanaiva?

MKINGA HALISI
Kitulo? Kwa kikopo? Maji yanachemka nyuzi 91 hivi kule, utayaona yanatokota kwa fujo ila hayana moto wa kutosha. Maharage utamaliza makopo yote mawili. Hata mchele wa Kyela unabaki na kiini usipofunika na jiwe juu. Beba tambi, unga wa uji, dagaa wa kukaanga.

MNYALU WA KILOLO
Hapo nakubaliana na Mkinga, andikeni tarehe.

KIJANA WA MAFIATI
Mrejesho wadau. Leo nimerudi Mwanjelwa na hizi habari zote kwenye simu, muuzaji kasoma akacheka kwenye mshumaa. Nimechukua la mpira, lina kale kabomba ka shaba, nimelikagua mwenyewe. Kipande cha raba ndani ya mdomo wa kusokotea hakikuwepo, nikamwambia bila oringi hili linavuja, akanitolea jingine. Nyumbani nimepaka povu la sabuni kwenye maungio, halikuvimba hata kapovu kamoja. Kopo la kusokota la 230 limepatikana moja tu, limeandikwa isobutane na propane. La pili bado.

BINTI ISONGOLE
Ninalo moja nimelitumia nusu. Njoo uchukue, ila njoo na mzani usije ukaniambia nimekupa hewa. Au tuliweke kwenye ndoo ya maji tukilinganisha na la kwako jipya, tupu linaelea juu, lililojaa linazama zaidi.

KIJANA WA MAFIATI
Nakuja Jumamosi dada.

DADA WA FOREST
Sasa jiko limepatikana la huyu. Kona, mara ya tatu nauliza. PETE.

KONA YA 57
Ilipatikana. Aliiona yeye, usiku ule ule, kwa tochi ya simu, kwenye majivu.

DADA WA FOREST
HALAFU???

KONA YA 57
Halafu akanipa. Kwenye kiganja. Ikiwa bado ya moto.

NDAGA FIJO
Daah.

KONA YA 57
Mleta mada, mkiwa Kitulo mkivuka kijito chochote mkaona kiunganishi cha shaba chenye vimiguu vitatu, ni changu. Msinirudishie.